Barua ya Fundi Weng

Weng Bingkun alikuwa fundi wa ndege za jeshi mjini Taichung, na hesabu ya safari ya kwao aliijua kama jina lake: kutoka Taipei, kisiwani, hadi Fuzhou, bara alikozaliwa, ni kilomita mia mbili na hamsini, dakika arobaini angani. Hesabu hiyo haikumfaa kitu. Tangu jeshi lake liliposhindwa vita na kukimbilia kisiwani, mwaka 1949, hakuna abiria aliyeruhusiwa kuvuka. Hakuoa. "Mama ndiye atakayenichagulia mke," aliwajibu waliomtania, mpaka akaota mvi na utani ukaisha wenyewe.

Ruhusa ilipotoka alikuwa na miaka sitini. Njia yenyewe ilikuwa ya kuzunguka: saa moja na nusu hadi Hong Kong, kulala huko akingojea karatasi, kisha ndege nyingine ya kurudi kaskazini. Siku mbili. Alimbebea mama yake blanketi la sufu.

Mdogo wake, Binghui, alimpokea uwanjani bila kumkumbatia.

"Mama yupo?"

"Yupo. Twende ukamwone mwenyewe."

Mama alikuwa ameketi kizingitini, anachambua mboga kwa viganja. Bingkun akapiga magoti, paji la uso likagusa ardhi.

"Mama, ni mimi. Nimerudi."

"Nakuona. Macho ninayo. Vidole ndivyo sina."

Akainua mikono. Vidole vilikuwa vimepinda huku na huku kama mizizi ya tangawizi.

"Barua yako ilifika," mama akasema.

Mwaka 1956 Bingkun alimpa baharia barua, na ndani yake picha: yeye kando ya ndege, kavaa sare, anacheka. Alijivunia sana picha ile.

"Askari wa huku walikuja siku ya tatu. Wakauliza, ndege hii inabeba nini? Mwanao anakuja lini kutupiga mabomu? Mimi nitajuaje, mkulima wa viazi? Kila nikisema sijui, kidole kimoja."

"Mimi nikafukuzwa shule," Binghui akadakia. "Mchumba naye akaniruka. Wewe umekenua meno tu kwenye picha."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Nami nilisema hivyohivyo. Mara kumi."

Bingkun akamtandikia blanketi magotini. Mama akalisukuma kwa vifundo.

"Mpe Binghui. Yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko miaka yote hii. Haya, kula tambi, mgeni hatoki na njaa kwangu. Ukishiba, uende."

Alikaa siku tisa katika nyumba ya wageni. Kila asubuhi alikuja, na kila asubuhi aliachwa uani, hatua tatu kutoka mlangoni. Siku ya mwisho aliomba amlishe uji japo mara moja.

"Kijiko kina mwenyewe," mama akasema, akafungua mdomo kumwelekea Binghui.

Miaka mitatu baadaye ilikuja barua ya mistari miwili: mama amefariki, tumeshazika, usisumbuke. Alisumbuka. Alizunguka tena siku mbili nzima, na Binghui akamwonyesha kaburi kilimani kwa kidole, amesimama barabarani, hakutaka hata kuingia naye. Bingkun alipanda peke yake, akafuta vumbi kwenye jiwe kwa mkono wa koti, asome majina ya watoto wa marehemu.

Lilichongwa jina moja tu.