Mtani Wangu Alisema Msibani, Sasa Mahakama Inataka Jina Lake

Admin, nifichie jina, ingawa Tabora ni ndogo na mwenye kunijua atanijua tu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, Mnyamwezi, nauza asali pale Gongoni. Nina mdomo, sikatai. Ila safari hii mdomo wangu umenifikisha mahali ninapoogopa hata kupafikiria.

Mwaka jana mama yangu aliugua mapafu. Mimi na kaka yangu tukaingia mkataba na hospitali moja ya binafsi: mama alazwe chumba cha peke yake, mashine ya oksijeni iwe yake usiku na mchana, na nesi asimwache. Tuliuza ng'ombe wa mama mwenyewe kulipia. Alfajiri moja tukapigiwa simu, mama hatunaye. Tukaambiwa Mungu kampenda zaidi, tukakubali, maana ungesema nini?

Hospitali hiyo ina nesi mmoja Mzaramo, nimwite Tausi, si jina lake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani na kuzikana njiani. Tausi akipita kibandani kwangu huchota asali bila kuuliza. Nikimfokea ananijibu, "Kufa basi nirithi mzinga wote!" Namwambia atatangulia yeye, nikale ubwabwa wa msiba wake. Ndivyo tulivyoishi miaka yote.

Siku ya mazishi Tausi alifanya kazi yake ya utani. Alijifunga kitenge cha mama, akajilaza mkekani katikati ya waombolezaji, akaanza kuhema kama mama kabisa. "Nani kachukua hewa yangu? Mnampelekea bwana mkubwa chumba cha pili, na mie niliyeuza ng'ombe nivute nini, ugoro?" Watu walicheka mpaka wakalia. Nami nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana habari ya ng'ombe nilimwambia mwenyewe, lakini ya bwana mkubwa wa chumba cha pili sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote.

Matanga yalipokwisha nikamvuta pembeni. "Tausi, lile la hewa ni kweli?" Akaangalia chini. "Mtani, mimi nilikuwa natania." Namjua Tausi. Akitania anakutazama usoni.

Nilikasirika, sitawaficha. Nilikwenda moja kwa moja kwa wakili nikamwambia mashine ya mama ilipelekwa kwa mgonjwa mwingine. Akaandika kwenye hati ya madai kwamba hospitali ilivunja mkataba kwa kuihamisha. Hakuniuliza nimejuaje, na mimi kwa hasira zangu sikusema.

Sasa wakili wa hospitali ameomba maelezo zaidi ya madai yetu. Mashine ilihamishwa saa ngapi? Nani aliihamisha? Ilipelekwa kwa mgonjwa gani, na nani aliona? Hakimu amekubali, ameamuru tujibu kabla kesi haijatajwa tena. Wakili wangu akaniita. "Dada, tusipojibu dai hilo linafutwa, na bila hilo hatuna kesi. Nipe jina la aliyekwambia." Nikamweleza habari ya mtani na mkeka. Akavua miwani. "Yaani kesi yote hii umeijenga juu ya utani wa msibani?"

Kaka yangu hataki kusikia. "Mama kanyimwa pumzi, halafu wewe unamlinda mtu anayekula mshahara wao? Mtaje!" Uchungu wake naujua, ni wangu pia. Lakini Tausi ni mjane, watoto wake wanasoma kwa kazi hiyo hiyo, na kwa kutoa siri ya wodini anaweza kupoteza hata leseni. Zaidi ya hapo, maneno ya mtani msibani hayashtakiwi wala hayaulizwi. Naamini ndiyo maana alisema pale. Alikuwa amebeba jambo zito, akaona huo ndio mlango pekee atakaopita bila mtu kumshika. Nikimtaja, mtani gani atafungua kinywa tena kwenye misiba yetu?

Wiki iliyopita katibu wa hospitali alikuja kibandani. Hajawahi kununua asali kwangu hata siku moja. Alichagua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akanisalimia kwa upole kabisa. "Sisi hatuna haraka, dada. Tunasubiri jina tu." Akalipa, akapiga hatua, kisha akageuka. "Nasikia kwenye msiba wenu mlicheka sana."

Sijui kama ameshajua kila kitu na anataka nitamke mwenyewe, au bado ananusa. Nilichosikia baadaye ni kwamba Tausi ameondolewa wodini, amepelekwa stoo, na manesi wenzake wameacha kukaa naye wakati wa chai.

Jana alipita. Nilimwona kwa mbali, nikafungua ndoo ya asali, nikamwekea na kijiko kabisa. Nikamrushia neno kama kawaida: "We Mzaramo, umekonda hivyo, mbona unaniharakishia ubwabwa?" Hakucheka. Alisimama mbali na meza, akashika mikono yake mbele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Tausi ni mkubwa kwangu, na ni mtani wangu. Miaka yote hiyo hajawahi kuniamkia, wala mimi kumwamkia. Akaenda zake, na kijiko nikakiacha ndani ya ndoo mpaka nilipofunga.

Ndugu zangu, siku ya kujibu inakaribia na wakili anapiga simu kila asubuhi. Nimtaje Tausi ili mama apate haki yake, au ninyamaze kesi ife na watu wa hospitali wabaki wakicheka? Nifanye nini? Nishaurini, ila leo naomba mtu asinitanie.