Sentensi Niliyoongeza Katika Barua ya Askofu

Babu yangu ni katekista wa kapela yetu, kwenye njia ya kwenda Wamaza, tangu mama yangu hajazaliwa. Padri anakuja na pikipiki mara tatu kwa mwaka, kama mvua haijakula daraja. Siku nyingine zote padri wetu ni babu, ila hana kanzu nyeupe wala pikipiki. Anafundisha watu wa ubatizo, anazika, anasali na wagonjwa, anaamua ugomvi wa mbuzi. Asante yake ni kuku mmoja wa Noeli, na mwaka jana kuku mwenyewe alitoroka.

Miaka miwili sasa macho yake yamekufa. Tuliojua tulikuwa wawili, yeye na mimi. Kila Jumamosi, nikitoka shamba, nilimsomea masomo ya kesho mara tatu, na yote yaliingia kichwani. Jumapili alisimama na kitabu mkononi, akigeuza kurasa kwa wakati wake, na watu wakasema mzee anasoma kuliko mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kitabu kisishikwe kichwa chini.

Jumamosi moja dereva wa pikipiki alileta barua ya askofu, isomwe kapela zote. Nilikuwa nimelima mihogo ya mjomba tangu asubuhi, mgongo unaniuma. Nikamsomea babu, na katikati, kwa sauti ileile ya askofu, nikaongeza: "Wanafunzi wasipelekwe shamba siku ya Jumamosi, wapumzike."

Babu akaitikia kwa kichwa. "Huyu askofu iko na huruma," akasema. "Rudilia, bibi yangu." Babu zetu wanatuita hivyo kwa utani, sisi wajukuu wa kike.

Nikarudilia. Nilitaka kuchekesha kijiji tu. Kesho yake wimbo wa kwanza haujaisha, pikipiki ya padri ikazimika mlangoni. Mimi niko kwaya, babu yuko mbele, sikupata njia ya kumfikia nimwonye. Padri akasema katekista aendelee na barua, yeye vumbi limemkausha koo.

Babu akasoma mpaka akafika pale pa shamba. Akaitoa sentensi yangu, tena kwa nguvu. Vijana wakapiga makofi. Padri akaomba karatasi, akatafuta kutoka juu mpaka chini.

"Mzee, hiyo imeandikwa wapi?"

Babu angeweza kunitaja. "Ni mimi, Padri," akasema. "Kichwa kimeanza kuchanganya."

Mama mmoja mbele yangu akanong'ona, "Masikini, amekwisha."

Padri akamshika bega. Akasema polepole kwamba labda wakati wa kupumzika umefika, atatafutwa mwingine, maana anayechanganya barua atachanganya na katekisimu. "Ndiyo, Padri," babu akajibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nikatoka kwenye kwaya.

"Padri, kichwa chake iko kizima. Ni macho ndiyo hayaoni. Mimi ndiye namusomea, na ile ya shamba niliitunga mimi."

"Nilijua," mjomba wangu akasema kutoka nyuma. "Askofu hana habari na mihogo yangu."

Padri hakucheka. Akamwambia babu aiseme barua upya, yeye akifuata kwa kidole. Babu akaisema yote, mpaka jina la askofu chini. Pale pa shamba akaruka.

Padri akakunja karatasi. Babu atabaki katekista, akasema. Kusoma nitasoma mimi, neno kwa neno, na Jumamosi nitalima. Watu wakapiga makofi, wa kwanza yule mama aliyenong'ona.

Nilidhani babu atafurahi. Njiani nikamtolea bega langu kama kawaida; watu walikuwa wanafikiri ni magoti yake tu yanamuuma. Hakulishika.

"Ungeniacha na kichwa kibaya," akasema. "Mzee akisahau, watu wanacheka, wanaachilia. Kipofu wanamushika mukono kama mutoto."

Akatangulia, fimbo ikigonga mawe. Kwenye njia panda akapinda upande wa mto badala ya nyumbani. Nilimfuata nyuma bila kumwambia, mpaka alipojua mwenyewe kwamba amepotea njia, akageuka kurudi nyumbani.