Fisi wa Mlango wa Pili

Mama alipomaliza kusoma riwaya yangu alinipigia simu niende Kariakoo upesi. Nilidhani kaipenda. Nilimkuta uani, kitabu mapajani, miwani ameivua.

"Huyu fisi wako unamjua?"

"Ni fisi wa hadithi za bibi, mama."

"Ni huyo hapo wa mlango wa pili."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hadithi yenyewe ni fupi. Fisi alikwenda kwenye msiba wa simba, akalia kuliko wafiwa, akagaragara mpaka akazirai, kumbe jicho moja liko kwenye sufuria ya nyama. Bibi yangu alitusimulia hapohapo uani tukiwa watoto, nami nilikua nikiamini ni ngano ya wahenga, haina mwenyewe. Nikaipa sura nzima kwenye riwaya, kwa sauti ya bibi na vituo vyake vyote. Siku ya uzinduzi kule Posta, watu wenye tai waliisifu hiyo sauti ya masimulizi. Nikawajibu, nimevimba kichwa, kwamba hadithi za zamani ni mali ya wote. Nikiikumbuka kauli ile natamani ardhi ipasuke.

Mama akanieleza kile ambacho watu wazima wote wa nyumba ile walikuwa wakikijua. Siku alipozikwa kaka yake bibi, jirani yetu wa mlango wa pili alilia mpaka wanawake wakamshikilia. Bibi hakupenda. Lakini hakumwambia kitu, alimtungia fisi. Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Mtu humsemi kwa jina lake, unampitishia kwenye mnyama, naye anaelewa.

"Na sasa anasomewa," mama akasema. "Mkwewe akimletea chakula anamsomea. Jana kanisimamisha kunisifia kitabu chako. Wamefika kwenye harusi."

Kutoka harusi hadi fisi ni sura tatu tu.

"Nikakichukue?"

"Utamwambia nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

Hofu yangu haikuwa aibu peke yake, ingawa aibu nayo ilikuwapo. Mama anaishi peke yake. Nyumba ile ya vyumba sita imebaki na wapangaji wawili wa zamani, yeye na jirani. Vyumba vingine vimegeuzwa stoo, vimejaa marobota ya vitenge hadi darini. Kila asubuhi jirani humbishia hodi kuona kama ameamka salama. Siku mama alipoanguka bafuni, ni jirani aliyesikia na kuita watu. Akinuna huyo, mama atabaki na nani? Marobota?

Nikarudi kwangu Magomeni roho juu. Sikuandika hata mstari. Nikawa napiga simu kila jioni kama mtu mwenye mgonjwa.

"Wamefika wapi?"

"Sijui. Lakini leo kanipa bamia."

Bamia zikanipa usingizi wa usiku mmoja. Kesho yake mama akapiga yeye mwenyewe. "Leo hakubisha hodi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Nilifika Kariakoo mchana, spika za maduka zikishindana kutangaza bei, nikaingia ukumbini nikiwa sijapanga neno la kusema. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Jirani alikuwa amekaa mkekani, kitabu kipo pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Nisomee ya fisi. Nataka niisikie kwa mdomo wa aliyeandika."

Nikasoma. Bibi yangu alikuwa na vituo vyake, akifika hapo hunyamaza, nasi huitikia "Enhe!" ndipo aendelee. Nilikuwa nimeviandika vituo vile kwa uangalifu mkubwa. Sasa kila nilipofika kwenye kimoja nilinyamaza, na jirani hakuitikia. Nikaendelea mwenyewe. Sijawahi kuchukia maandishi yangu kama nilivyoyachukia mchana ule.

"Bibi yako alipofika kwenye sufuria," akauliza, "mimi nilikuwa nasema nini?"

Nikakumbuka. Sauti ya mwanamke kutoka upande wa jiko: "Fisi hakufuata nyama!" Watu wanacheka. Bibi anauliza, "Haya, alifuata nini?" Sauti inajibu, "Kamuulizeni simba!" Nilikumbuka pia kwamba wakati wa kuandika niliyatoa maneno hayo, nikiona ni msikilizaji tu anamkatiza msimulizi.

"Huyo simba aliniposa," akasema. "Ndugu zake wakakataa, bibi yako akiwa mbele. Mimi nilimlilia mtu wangu. Bibi yako alinisema nimekaa naye hapa, na kila aliponisema nilimjibu. Ndiyo maana tukazeeka pamoja, na alipokufa nikamwosha. Wewe umenisema kwa watu nisiowajua. Humu kitabuni nitajibia wapi?"

Nikaomba radhi. Nikasema kitabu kikichapishwa tena nitayarudisha maneno yake.

"Na vilivyokwisha kuuzwa?"

Machozi yalinilenga, nikaona haya kulia mbele ya mtu aliyechekwa miaka yote kwa kulia.

"Mwite mama yako," akasema.

Mama alikuja haraka mno, nadhani alikuwa amesimama ukumbini muda wote. Akakaa ukingoni mwa mkeka. Jirani akajiweka sawa, akatutazama wote wawili.

"Palikuwa na kuku," akaanza, "alikulia uani kwa watu. Kila punje iliyodondoka, yeye anadonoa. Akanenepa. Siku moja akaenda mjini, akajaza kifua, akatangaza kuwa punje zile hazina mwenyewe."

Akanyamaza. Kilikuwa kituo kabisa, kama vya bibi. Mama aliinamisha uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika, na nilimjua, alikuwa anacheka. Jirani hakuondoa macho kwangu.

"Enhe," nikaitikia. Kisha nikakumbuka kwamba anayesemwa ana haki ya kujibu. "Kuku alikuwa hajui, bibi."

"Hajui, au hakuuliza?"

"Hakuuliza," nikasema.