Spika za Shemeji Darweshi

Shemeji yangu Darweshi hajui kukaa. Chakula anakula amesimama. Sala tu ndiyo humkalisha, na hata hapo nina hakika vidole vya miguu vinatembea. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Lushoto yalipoanza kujaa redio za kaseti na tochi za kila rangi, alilima kabichi, akaacha. Akauza mitumba, akaacha. Mwishowe akafungua kibanda cha kutengeneza redio hapa kwetu Shume. Hicho hakukiacha, labda kwa sababu redio mbovu nazo hazitulii.

Aliyekuwa akiweza kumrudisha nyumbani ni mkewe, mdogo wangu Mwanamwema. Alisimama tu mlangoni akaita, "Darweshiii!" Jina likavuka bonde, likamkuta ng'ambo kwenye shughuli za watu, naye akajibu huko huko, "Nakujaaa!" Sauti hiyohiyo ndiyo iliyoimba kwenye harusi zetu zote. Mwanamwema akianza, wapiga dufu walipunguza mikono bila kuambiwa.

Kisha akaota rovu shingoni, likawa kubwa, likambana pumzi, akapasuliwa. Daktari alituonya mapema kwamba sauti inaweza kupotea, na kweli ikapotea. Mdogo wangu alipona, tukamshukuru Mungu, lakini kilichobaki kooni kilikuwa sauti nyembamba ya kusikiwa na mtu mmoja aliyekaa karibu. Chakula kikiwa tayari, akawa anagonga sufuria kwa mwiko ili mumewe aje. Sufuria ile ilikuwa ikiniuma moyo. Mwenyewe alisema hajali, na alikuwa mwongo.

Ndipo binti yangu Lulu akachumbiwa. Katika ukoo wetu, bibi harusi akitoka kwao, mama yake mdogo humwimbia wimbo wa kumuaga. Lulu akasema mbele ya wote, "Mama mdogo asipoimba, mimi sitoki." Mwanamwema akainamisha uso. Nilipogeuka kumtazama Darweshi, alikuwa keshaondoka.

Aliteremka hadi Magoma, akarudi na maiki na honi ya kipaza sauti ya mtu aliyekuwa akiuza dawa ya panya mnadani. Alivibadilisha kwa viazi, na si viazi vya kula, bali vile ambavyo mkewe aliviweka vya mbegu. Amplifaya aliiunda mwenyewe kutoka kwenye redio ya gari bovu, akaiunganisha na betri ya lori, maana umeme kwetu ulikuwa habari za mjini. Akampa Mwanamwema maiki, naye akaimba mstari mmoja. Honi ikautoa mkavu, wa kupasua masikio.

"Sasa naimba au nauza dawa ya panya?" Mwanamwema akaninong'oneza.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Darweshi hakucheka. Alikuwa keshaifungua honi na kuitupa pembeni.

Akatafuta spika mbili pana kwenye redio kubwa zilizokufa, akazipigia maboksi ya mbao za msonobari. Kwa haraka zake, alichukua mbao mbichi. Hazikumaliza mwezi zikapinda, viungo vikaachia. Yohane, mpiga gita wa kwaya tuliyemwalika kwa harusi, alipogusa uzi wa besi, maboksi yakatetema kama bati bovu.

"Shemeji," nikamwambia, "mbao hazina haraka kama wewe."

"Dada Zakia, nitapata kavu leo leo."

Alizipata. Alivunja kitanda chake mwenyewe. Mdogo wangu akalala kwenye godoro sakafuni, na mimi nikamwita Darweshi majina ambayo siyaandiki hapa. Lakini maboksi yale, alipoyafunika kwa ndani na blanketi kuukuu, yalitoa gita tamu kabisa.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo lilikuwa lenyewe. Sauti ya Mwanamwema ilikuwa ndogo, kwa hiyo Darweshi akaongeza nguvu ya amplifaya. Alipoongeza, spika zikapiga mluzi wa kutoboa ubongo. Akahamisha boksi hili, akahamisha lile, akaongeza tena, mluzi tena. Wiki nzima ilikuwa hivyo, yeye anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mkewe anamfuata nyuma na maiki mkononi, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anamwambia kitu. Mimi niliona, nami sikuuliza, maana nilikuwa na pilau la watu mia kichwani.

Siku ya harusi, alasiri, watu wakajaa uani. Lulu akaletwa mlangoni amefunikwa. Yohane akaanza gita, dufu zikaingia, Mwanamwema akafungua mdomo, spika zikapiga mluzi. Watoto wakaziba masikio. Darweshi akakimbilia boksi la kushoto. Mluzi. Akaongeza sauti. Mluzi. Akakimbilia boksi la kulia, kule mwisho wa ua kwenye shamba la maharage. Wanawake wakaanza kutazama chini, na mimi nikaomba ardhi inimeze, kwa aibu ya mdogo wangu na kwa hasira ya mumewe.

Mwanamwema akaiendea amplifaya akapunguza mwenyewe. Akapita nyuma ya maboksi, ambako hakuna spika iliyomtazama wala kuirudishia maiki sauti yake, akaisogeza maiki hadi ikagusa midomo.

"Darweshiii," akaita.

Sikuwahi kuisikia hivyo, nzito na yenye pumzi, lakini ilikuwa yake. Ikapita juu ya vichwa vyetu, ikavuka maharage, ikashuka bondeni. Ng'ambo mtu aliyekuwa akilima akainua kichwa.

"Nakujaaa!" Darweshi akajibu kwa nguvu, kwa mazoea, yuko hatua chache tu. Kisha akagundua kilichotokea, akasimama mdomo wazi.

"Usije," sauti ikasema. "Wiki nzima nakwambia upunguze, niisogeze mdomoni. Hukai ukanisikia. Kaa chini."

Watu walicheka. Yeye akakaa palepale kwenye udongo, na suruali yake ya sherehe.

Mwanamwema akamwimbia Lulu hadi akatoka, wapiga dufu wakapunguza mikono kama zamani. Wote walimtazama bibi harusi. Mimi, mama yake, nilimtazama shemeji yangu: amekaa, machozi yanamtiririka, na miguu yake imetulia.