Baba Hakai Mpaka Msafiri Afike

Baba alikuwa mkuu wa stesheni Kidete, na kazi ile haikumtoka hata alipostaafu tukahamia Kilosa mjini. Enzi zake, treni ikishaondoka kwake, hakukaa kitini mpaka stesheni ya mbele ipige simu kusema imepokelewa. Siku hizi magoti yamemvimba, daktari kamkataza kusimama sana, lakini mtu wake akiwa safarini, utamkuta wima barazani. Mazoea yana taabu.

Mdogo wangu wa kike alipopata nafasi ya kusoma Guangzhou, nilimweleza Baba kwamba kutoka Dar ni karibu kilomita elfu tisa, ukinyoosha mstari.

"Katikati kuna stesheni ngapi?" akauliza.

Nikamwambia moja tu, ya kubadilisha ndege. Kwingine kote mawingu. Ijumaa ya safari, jioni, nikiwa nimekuja nyumbani kama kila wikiendi, nilitazama anga la Kilosa likififia nikaanza kuziona stesheni za Baba huko juu: benchi la mbao, taa ya chemli, mtu mwenye kibendera cha kijani akingoja juu ya bahari. Nilitamani ziwepo kweli.

Ndege iliondoka Dar saa kumi jioni. Tiketi ilisema itafika kesho yake saa nane mchana. Usiku Baba alikubali kulala. Kulala, alisema, si kukaa. Asubuhi akanywa chai amesimama. Saa tatu na nusu simu ikalia.

"Shikamoo Baba. Nimefika."

"Marahaba. Hujafika. Bado masaa manne na nusu. Hapo wamekushusha njiani, hebu uliza ni wapi."

Nikamfafanulia kwamba kule jua hutangulia kuchomoza, na tiketi imeandikwa kwa saa za huko. "Saa ni saa," akasema, akabaki wima, miguu ikimtetemeka. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Mwishowe mdogo wangu akatuma picha ya saa ya ukutani pale uwanjani. Baba akailinganisha na tiketi.

"Imechelewa dakika arobaini," akasema, akakaa.

Jikoni nilimcheka mbele ya Mama. Yeye hakucheka.

"Hata wewe. Kila Jumapili ukirudi Mikumi kufundisha, baba yako husimama vile vile. Ila wewe hupigi simu."

Mikumi! Safari ambayo hata begi silifungi vizuri, na nimeifanya miaka sita.

"Sasa huwa anakaa saa ngapi?"

"Magoti yakimshinda."

Kesho yake nilishuka Mikumi nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kabla ya kuchukua begi langu, nikapiga.

"Shikamoo Baba. Nimefika."

Kabla ya marahaba, nilisikia kiti kikilia chini yake.