Paka Aliyegoma Kula Katika Ghala la Mbegu

ARUSHA, 1956. Jua bado halijakipiga kilele cha Mlima Meru, lakini moshi tayari unapanda nyuma ya ghala la mbegu lililo karibu na mto Themi. Mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni juu ya gauni amechutama mbele ya mafiga, anakoroga kisufuria kwa kijiti. Ndani yake mna dagaa waliopondwa na vipande vya mapafu ya ng'ombe.

Anatumbukiza kidole, anakitoa, anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Ikiwa ya baridi hawali. Ikiwa ya moto sana hawali pia. Wanataka joto la panya aliyekamatwa sasa hivi."

Nyuma yake paka wamekaa juu ya magunia matupu, mikia imezungushwa miguuni. Hawalii wala hawagombani. Anapomimina chakula kwenye vipande vya jani la mgomba alivyotandaza chini, wanateremka kwa zamu. Kila mmoja ananusa kwanza, anasita, ananusa tena. Ndipo anakula.

Mwanamke huyu ni Elinami, mzaliwa wa Akheri, anayejulikana ghalani kwa jina la Mama Anande. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kufagia. Kazi inayomfanya ajulikane hadi Kikatiti ni kuwalisha paka wanaolinda mbegu zisiliwe na panya, na kwa kazi zote mbili analipwa shilingi thelathini kwa mwezi.

"Watu wanacheka," anasema. "Wanasema, yule mama analipwa kwa kupikia paka. Mimi nawaambia, njooni mumpikie ninyi, tuone kama atakula."

Ghala hili hutunza mbegu za mahindi na maharage za wakulima wa miteremko ya Meru. Msimu wa mvua za masika unapofika, watu hushuka kutoka Akheri, Makumira na kwingineko na magunia yao matupu. Panya wakitangulia, mkulima anarudi nyumbani na gunia lile lile, na mwaka mzima wa nyumba yake umeharibika.

Elinami, ambaye ni mjane mwenye watoto watatu, alianza kazi hapa akiwa hajui lolote kuhusu paka zaidi ya mtu mwingine yeyote. Mwanzoni aliwawekea ugali uliobaki. Waliuzunguka wakaenda zao.

"Nilidhani ni kiburi," anasema. "Nikasema, hawa wamezoea vya wazungu. Nikawaacha na njaa nione mwisho wake. Mwisho wake walihamia kwa wauza nyama sokoni, nikabaki na panya wangu."

Tangu hapo akaanza kuwaangalia. Aligundua kwamba paka akiwa na mafua yaliyomziba pua hali chochote, hata maini, kwa sababu asichokinusa hakijui. Aligundua kwamba hapendi kutumbukiza uso kwenye bakuli lenye kina, ndevu zikigusa kingo. Aligundua kwamba anakula kidogo, anaondoka, anarudi, kama anavyokula porini, panya mmoja sasa na mwingine baadaye.

Siku moja alitia asali kwenye maziwa akitaka kumshawishi paka mgonjwa. Akaweka na maziwa mengine yasiyo na asali kando yake.

"Aliyanywa yote mawili sawasawa, kana kwamba asali haipo. Mtoto wangu angeanza na yenye asali. Paka hana habari na utamu. Yeye anatafuta nyama, na anataka kuwa na hakika kwamba nyama hiyo haitamuua."

Hakika hiyo ndiyo iliyokaribia kuliponza ghala mwaka jana.

Ilikuwa muda mfupi kabla ya masika. Mwenye duka mmoja jirani, aliyechoshwa na panya kama kila mtu, alitega nyama yenye sumu uani kwake. Hakuwa na ugomvi na paka wa mtu. Lakini panya hawakuigusa nyama ile, paka waliigusa. Asubuhi Elinami alikuta watatu wamelala ukutani, wamekakamaa.

Paka wa nne alikuwa hai. Ni jike wa rangi ya kijivu anayeitwa Karani, jina alilopewa kwa tabia yake ya kukagua kila gunia linaloingia. Alikuwa ametapika uani kote na miguu inamtetemeka. Juu, kwenye dari la ghala, alikuwa na watoto wanne ambao macho yao yalikuwa ndiyo kwanza yanafumbuka.

Jioni alisimama. Elinami alimletea maini. Karani alinusa, akarudi nyuma, kisha akaanza kuparua sakafu kwa mguu wa mbele, kama paka anavyofukia kinyesi. Akampa kisogo.

Kesho yake alimletea mapafu. Akayafukia vile vile. Akamletea dagaa, akamletea maziwa. Maji alikunywa. Vingine vyote alivinusa na kuviacha.

"Nilikaa mbele yake nikaonja mimi mwenyewe, aone sikufa," anasema Elinami. "Alinitazama tu. Nilijiona mjinga, lakini nilionja tena."

Maziwa yakaanza kumkauka. Watoto wakawa wanalia darini mchana kutwa. Elinami akawadondoshea maziwa ya mbuzi kwa pindo la kitambaa, lakini mmoja wao alikufa akiwa mkononi mwake. Huku chini, panya walikuwa wamekwisha kufahamu. Walianza kupita katikati ya sakafu, mchana, bila haraka.

Mtunza ghala, Bwana Philemoni, mtu wa Machame aliyekuja Arusha kwa biashara kabla ya kupata kazi hii, alimwita mlangoni. Alikuwa ameshika kiganja cha maharage yaliyotafunwa nusu nusu.

"Mama Anande, mbegu hizi si zangu wala si zako," alimwambia. "Mvua ikinyesha watu watakuja. Nitawaambia nini? Kwamba paka amesusa?"

"Hajasusa, Bwana Philemoni. Anaogopa."

"Haya, anaogopa. Panya haogopi. Mimi nitaomba sumu."

"Ukiweka sumu, huyu naye atakwisha, na watoto wake. Halafu mwakani utaweka tena, na mwaka wa tatu tena. Nipe mpaka Jumapili."

Philemoni anakumbuka kwamba hakutaka kukubali. "Lakini sikuwa na uhakika na sumu pia," anasema. "Sumu na mbegu chini ya paa moja ni jambo la kumnyima mtu usingizi. Nikampa mpaka Jumapili."

Mtu wa kwanza ambaye Elinami alimwendea ni Mika, msaidizi wa daktari wa mifugo, kijana mpole aliyezoea kushika ng'ombe kwenye josho. Mika hakucheka. Alimfungua Karani kinywa, akampapasa tumbo, akamwangalia ufizi.

"Sumu imemtoka," alisema. "Sioni ugonjwa. Nadhani anakumbuka. Hata ng'ombe akidhuriwa na majani fulani, kuna wengine hawayagusi tena. Wewe unampa nyama ya bucha, na nyama ya bucha ndiyo iliyomwangusha."

"Dagaa si nyama ya bucha."

"Umempa kwenye chombo gani?"

"Bakuli lake la bati."

"Lile lile la maini?"

"Lile lile." Mika akamuuliza swali ambalo Elinami hakuwa amelifikiria: "Huyu alizaliwa wapi? Alipokuwa mdogo alikula nini?"

Karani alitoka Akheri, nyumbani kwa bibi mmoja aitwaye Tabitha. Elinami alipata nafasi kwenye lori la mizigo mpaka Tengeru, akapanda mlima kwa miguu. Alimkuta Tabitha kwenye kihamba chake, katikati ya migomba na mibuni, akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una matope mpaka magotini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba bado. Nimekuja kuuliza habari za paka."

Tabitha aliweka panga chini. Elinami anasema yule mama alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kama mwenzake ana homa.

"Paka gani?"

"Yule wa kijivu uliyenipa. Alipokuwa mdogo, wewe ulimpa nini?"

"Mimi nilimpa nini? Mimi sikumpa kitu. Mama yake ndiye aliyemlisha." Kisha Tabitha akakumbuka. "Tulikuwa tukichinja kuku, utumbo tunautupa pale chini ya mgomba, juu ya jani. Mama yake alikuwa anakuja nao wote. Wanakula ungali na moto. Basi, hicho ndicho walichokua nacho. Mtoto wa paka hula anachomwona mama yake akila. Akishakuwa mkubwa, ukimletea kingine anakuona mgeni."

Elinami aliondoka na majani mawili mapana ya mgomba yaliyokunjwa chini ya kwapa. Kuku hakuwa naye. Tabitha alikuwa na mmoja tu, naye alikuwa ameatamia.

Aliporudi ghalani ilikuwa Jumamosi adhuhuri. Alimweleza Philemoni yote, neno kwa neno, akitarajia kuambiwa aache mchezo. Mtunza ghala alimsikiliza, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani. Alirudi ameshika jogoo mwekundu miguuni.

"Nilikuwa nimemwekea shemeji yangu, anakuja kesho baada ya ibada," alisema. "Atakula maharage. Kama yatakuwepo."

Walimchinja pale pale nyuma ya ghala. Elinami alitandaza jani la mgomba sakafuni, mbali na mahali ambapo bakuli la bati lilikuwa likikaa. Akaweka utumbo na ini la kuku, vikiwa bado vinafuka mvuke. Kisha wote wawili wakarudi nyuma mpaka ukutani.

Karani aliteremka kutoka darini. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Alilizunguka jani. Akalinusa jani lenyewe kwanza, ukingoni, kwa muda, kama mtu anayesoma jina la mwenye nyumba mlangoni. Elinami anasema aliona mguu wa mbele ukiinuka, akajua sasa atafukia, yamekwisha.

Mguu ulishuka juu ya jani, ukalikanyaga ili lisiteleze. Akaanza kula.

"Nilitaka kulia," anasema Elinami, "lakini Bwana Philemoni alikuwa ananitazama, na yeye machozi yalikuwa yakimlengalenga. Kwa hiyo tukazungumza habari za shemeji yake."

Karani alikula akamaliza, akalamba jani, akapanda darini kunyonyesha. Siku zilizofuata Elinami alimpikia miguu na vichwa vya kuku alivyoviomba kwa wapishi wa mjini, daima juu ya jani, daima vuguvugu. Polepole akaanza kuchanganya dagaa kidogo, kisha mapafu. Paka alivikubali kwa sababu vilikuja na harufu anayoiamini.

Aliposhika nguvu, alirudi kazini. Mchana panya walitoweka sakafuni. Magunia machache yalikuwa yameharibika na hayakufaa tena. Mengi yalibaki mazima, na mvua za kwanza ziliponyesha, watu walishuka wakajaziwa wakarudi. Philemoni hakuomba sumu, na mwenye duka jirani, aliyekuja kuomba radhi kwa ajili ya wale watatu, aliondoka na ahadi ya kupewa mtoto wa paka.

Ndipo yalipoanza maombi mengine. Leo hii, kabla Elinami hajamaliza kufagia, anaingia mwanamume mrefu mwenye blanketi begani. Anaitwa Loishiye, ana duka la nafaka Kikatiti, na amekuja kuchukua mmoja wa watoto wa paka waliozaliwa mwaka huu.

Elinami hamkabidhi. Anamuuliza kwanza atamlisha nini.

"Panya," anajibu Loishiye. "Si ndiyo kazi yake?"

"Panya wakiisha?"

Loishiye anafikiri. "Ugali."

"Basi atahamia kwa jirani yako, na mbegu zako zitaliwa. Huyu nimemzoesha dagaa, maziwa, mapafu na yai. Mpe mara mbili kwa siku, kidogo, vuguvugu. Akikataa usimpige. Mwangalie pua, mwangalie chombo, ujiulize jana alikula nini."

"Mama, hata mke wangu hanipi mimi vuguvugu."

"Hayo mtaelewana wenyewe," anasema Elinami, na kumtia paka kwenye kikapu.

Huo ndio mpango wake. Anataka kila ghala na kila duka la nafaka kuanzia hapa mpaka Kikatiti liwe na paka aliyelelewa na yeye, aliyeonjeshwa vyakula vingi angali mdogo ili asije akafa njaa kwa kukosa kimoja. Philemoni ameahidi kumpa chumba kidogo nyuma ya ghala kwa kazi hiyo.

Lakini katika uzao huu mpya wa Karani kuna mtoto mmoja, dume mwenye doa jeupe kifuani, ambaye Elinami hamtoi kwa mtu. Wawili wameshamwomba, akakataa. Mwandishi wa habari hii anapomuuliza sababu, anakaa juu ya gunia na kumweka paka huyo mapajani.

Anaeleza kwamba alipoolewa alikwenda kuishi Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha Wameru wa huko ili ardhi ile wapewe walowezi. Nyumba yake ilichomwa moto pamoja na za wengine. Aliondoka na watoto, na chungu kimoja, na mbegu za maharage alizofunga kwenye pindo la kanga. Mumewe alifariki mwaka uliofuata.

"Tutarudi," anasema, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya gulio. "Shauri letu limefika mpaka Umoja wa Mataifa. Litarudi, na sisi tutarudi nalo. Nitajenga tena, nitapanda tena, na nikipanda, panya watakuja."

Anachovya kidole kwenye kisufuria, safari hii akipata mabaki ya ugali uliolowekwa kwa mchuzi wa dagaa, na kumnyooshea yule mdogo. Paka ananusa. Anasita. Ananusa tena, kisha ulimi unatoka.

"Huyu namzoesha kila kitu," anasema Elinami. "Mwaka wa kwanza kule hatutakuwa na cha kuchagua."