Mwanazuoni na Bango la River Road

Baba alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa linazimika. Ndiyo maana nilikuwa na haraka. Maisha yake yote alifundisha dini hapa mjini, na madukani walimwita ustadhi, basi. Sasa wanafunzi wake wa zamani wakaamua kumfanyia hafla na kumtundikia bango lenye neno ambalo yeye mwenyewe hakumpa mtu ila mwalimu wake kule pwani: mwanazuoni. Aliposikia alinishika mkono.

"Nataka nilisome mwenyewe," akasema.

Nikaenda River Road kulichapisha. Neno nilimwandikia fundi wa kompyuta kwa herufi kubwa, nikalirudia mara mbili. Siku ya hafla nikarudi dukani kulichukua; nakunjua bango, lo! MWANA ZIONI.

"Nilikurekebishia, mama," fundi akaniambia, tena kwa furaha. "Zuoni haiko. Zioni naijua, hata kanisani kwetu tunaiimba."

Jamani! Nilitaka kulia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Nikamweleza, sauti juu, wateja wakinikodolea macho: chuo, zamani, ni kitabu; watu wa Lamu vyuo waliviita zuo; mwanazuoni ni mtu aliyelelewa vitabuni. Akanisikiliza kwa adabu zote.

"Sasa si ungeandika tu mwanachuo?"

Mwanachuo! Mzee wa ndevu nyeupe awe mwanafunzi wa chuo kikuu, arushe mawe siku ya mgomo?

"Nichapie upya, tafadhali," nikasema, meno nimeyauma.

Akabonyeza, na stima zikapotea, kompyuta ikazimika. Nilisubiri pale hadi adhana ya alasiri, nikiilaani mashine, fundi na mji mzima, kisha nikaondoka mikono mitupu. Hafla ya baba yangu mwenyewe nikaikuta katikati, ukuta uko wazi. Baba aliniuliza mara moja tu bango liko wapi, akarudi kuitikia dua.

Lilikuja baadaye, sahihi, zuri hata. Nikalitundika sebuleni kwetu Uthiru. Lile jicho lilikuwa limeshakwisha. Baba akalisogelea, akalipapasa kwa kiganja kizima.

"Neno liko wapi?"

Nikamwekea kidole juu ya herufi ya kwanza. Plastiki ile ni laini, haina pa kushika.

"Hapa pana ukuta tu, mwanangu," akasema.